Canter ya ndizi: shajara ya injini iliyokataa kutulia

Jumamosi, saa 12 jioni

Imewaka. Naanza na habari hiyo kwa kuwa zinazofuata si nzuri.

Gari ni Canter ya mzee mmoja anayetoa ndizi Tukuyu kuzileta Mbeya mjini, na wakati mwingine anazisogeza mpaka Makambako. Injini ni 4D33, silinda nne kwa mstari, ujazo wa sisi (cc) 4,214, ile ya roka (mikono midogo inayobonyeza valvu) na pushirodi ambayo kila gereji ya barabarani inaifahamu. Ilifika hapa Uyole ikitoa moshi wa bluu na kula oili lita nzima kwa safari mbili. Tumeishusha, tukaifungua yote. Slivu mpya nne (mirija ambamo pistoni hutembea), pistoni mpya, ringi, metali (beringi) za konrodi na za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Hedi ilipelekwa mjini kusawazishwa, valvu tukazisaga wenyewe hapa. Noseli, zinazonyunyiza dizeli ndani ya silinda, zilipimwa na mzee wa pampu, fundi wa pampu za dizeli, mbili zikabadilishwa ncha. Pampu yenyewe hatukuigusa zaidi ya kuitoa na kuirudisha kwenye alama zake.

Kufunga mabomba ya noseli kulituchelewesha leo. Bomba la tatu lilikuwa kaidi, nati haikutaka kushika uzi, ikabidi nilivute kidogo kwa mkono wakati dogo anaikaza. Mabomba yaliyofunguliwa mara nyingi huwa na tabia hiyo. Tukatoa upepo, tukapiga stata mara nne, ya tano ikashika.

Moshi mweupe ulitanda uani. Dakika mbili za kwanza nilijipa moyo kwamba ni baridi. Juni hii hapa Uyole asubuhi na jioni hata mtu mwenyewe hawaki vizuri. Lakini injini ilipopata joto, moshi ulipungua tu, haukuisha, na ikiwa sailensi, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, gari zima linatikisika. Mkono wa gia unachezacheza. Spana namba 14 niliyoisahau juu ya chesisi ilitembea yenyewe pole pole mpaka ikadondoka chini.

Halafu kuna mlio. Tik tik tik tik, mkavu, mwepesi, kama cherehani ya jirani inayoshona kitambaa kigumu. Ukiinama upande wa manifodi unausikia huko, ukisogeza sikio juu ya kava la tapeti unausikia huko pia.

Dogo akasema, "Fundi, mbona kama inasema?"

Nikamwambia zima.

Mzee alipiga simu wakati tunanawa mikono. "Ugonile, fundi? Gari limewaka?" Nikamjibu limewaka. Sikumdanganya, ila sentensi sikuimaliza.

Jumapili

Gereji imefungwa. Nilikuwa ibadani lakini kichwani nahesabu milio.

Valvu hufunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Kwa hiyo mlio wa juu, wa roka au tapeti, huenda nusu ya mwendo wa krenki. Mlio unaokuja kila mzunguko, huo hutoka chini, na kwa injini niliyoifunga wiki hii sitaki hata kuuwaza. Tatizo ni kwamba kwenye dizeli silinda nayo hulipuka mara moja kwa mizunguko miwili, hivyo hata noseli inayogonga itakuwa na mwendo ule ule wa nusu. Hesabu peke yake haitoshi. Itabidi kukata dizeli silinda moja moja na kusikiliza.

Jambo jingine linaniumiza zaidi. Ringi mpya zinahitaji kazi ili zikae vizuri kwenye slivu. Ukiacha injini mpya ikinguruma sailensi siku nzima bila mzigo, ukuta wa slivu unang'aa kama kioo, ringi hazishiki tena, na oili inaanza kuliwa upya. Kwa hiyo kila dakika ninayosikiliza tik-tik ni dakika ninayoiharibu kazi yangu mwenyewe. Nimejiwekea masharti: nisiiwashe zaidi ya dakika kumi kwa mara moja, na niwe nimeshaandika ninachotafuta kabla ya kupiga stata.

Jumatatu

Asubuhi ikiwa baridi nimerekodi mlio kwa simu, kisha jioni nikauchezesha kwa mwendo wa chini na kuhesabu. Kwa sekunde 5 nilipata tik 29. Takometa ilisimama 700. Mizunguko 700 kwa dakika ni kama 58 kwa sekunde 5, nusu yake ni 29. Basi mlio unaenda nusu ya krenki. Niliketi kwenye tairi nikashusha pumzi. Metali ziko salama, au angalau si zenyewe zinazolia.

Mchana tulifungua nati za mabomba, moja moja, injini ikiwa sailensi. Nusu mzunguko tu, dizeli ichuruzike. Dogo alitaka kuziba na kidole nikampiga kibao cha mkono. Dizeli inayotoka kwa presha ile hupenya ngozi, na ikishapenya hiyo si ya kupaka dawa nyumbani, ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Weka kitambaa, na kaa mbali.

Bomba la kwanza: injini ikainama, ikataka kuzima. La pili: vivyo hivyo. La nne: vivyo hivyo. La tatu: karibu hakuna. Ni kama kumwambia aliyelala alale.

Nimeandika kwenye daftari kama ifuatavyo, na nanakili bila kubadilisha: "Silinda ya 3 haifanyi kazi. Tik haibadiliki kwa bomba lolote. Mgonjwa ni wa 3, tik ni kilio chake."

Jumanne

Siku ndefu. Tumeanza na tapeti kwa sababu ndiyo rahisi na haina gharama.

Nafasi ya tapeti za 4D33, kati ya roka na valvu, huwekwa milimita 0.40 ikiwa baridi, ya hewa na ya moshi sawa. Unaleta silinda ya kwanza juu kwenye kukandamiza, unaseti zote mbili za kwanza, ya hewa ya pili na ya moshi ya tatu. Unazungusha krenki mzunguko mmoja, silinda ya nne inakuja juu, unamalizia zilizobaki. Mpangilio wa kulipuka ni 1-3-4-2, ukiukumbuka huo hata kitabu huhitaji. Ya hewa ya silinda ya 3 ilikuwa imebana kidogo, fila (bapa la kupimia nafasi) ya 0.35 ndiyo iliyopita. Nyingine zote ziko kwenye 0.40, fila inateleza na ukinzani ule ule unaoujua kwa vidole. Nikairekebisha ile moja. Tukawasha. Mtetemo ule ule, tik ile ile.

Tukahamisha noseli. Ya silinda ya 3 ikaenda ya 1, ya 1 ikaja ya 3, na washa mpya za shaba, zile pete zinazokaa chini ya noseli. Kama noseli ndiyo mbovu, ugonjwa unahama nayo. Haukuhama. Silinda ya 1 ikafanya kazi vizuri kabisa na noseli ya mwenzake, ya 3 ikabaki imelala. Niliudhika, kwa sababu moyoni nilishamlaumu mzee wa pampu na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia.

Jioni tukapima kompresheni. Adapta ya geji inaingia kwenye shimo la noseli. Ya kwanza kilo 21 kwa sentimita ya mraba, ya pili 21 na nusu, ya tatu 21, ya nne 21. Kijana wa gereji ya pili aliyekuja kuazima jeki akatazama geji akasema, "Hiyo ndogo, fundi, kitabu kinataka zaidi." Kitabu kimeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu, na hewa ya hapa ina uzito pungufu wa karibu moja ya sita ukilinganisha na ya Dar. Namba yoyote utakayoipata huku itakuwa fupi. Mimi huangalia kama nne zimefanana, na hizi zimefanana kama mapacha.

Kwa hiyo: hewa ipo, noseli ni nzima, tapeti zimekaa. Imebaki dizeli yenyewe. Pampu.

Sikulala vizuri.

Jumatano

Mzee amekuja mwenyewe asubuhi, amevaa lile koti lake la mvua ingawa hakuna mvua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndizi zimekatwa, fundi. Jana nimelipa gari la watu."

Sikuwa na la kusema. Nilimwonyesha daftari. Alilitazama kwa heshima, kama mtu anavyotazama cheti cha hospitali, akaniuliza itachukua siku ngapi. Nikasema mpaka Jumamosi. Niliisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Alipoondoka nikampigia mzee wa pampu. Nilitaka kumpelekea pampu nzima aiweke kwenye mashine. Kuitoa ni nusu siku, kuirudisha na kuseti taimingi (wakati wa kunyunyiza dizeli) ni nusu nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Usiniletee pampu. Tafuta chupa mbili."

Chupa mbili za soda za plastiki, zinazofanana. Tulifungua mabomba ya kwanza na ya tatu upande wa noseli, kila moja likachungulia ndani ya chupa yake, dogo akapiga stata kwa sekunde kumi na tano, tukaacha stata ipoe, tukapiga tena. Tukaziweka chupa sambamba juu ya benchi. Dizeli imefika kimo kile kile, huwezi kuingiza hata unene wa kucha kati ya mistari miwili. Pampu haina kosa. Kipimo hiki hakisemi kila kitu, chupa haina presha ya noseli, lakini deliveri valvu iliyokufa, ile ya kutolea dizeli kwenye pampu, ingejionyesha.

Na taimingi? Niliiwaza pia, kwa ajili ya ule moshi mweupe. Lakini taimingi ikikosea, silinda zote nne zinaugua pamoja. Hapa anaugua mmoja.

Kwa kuwa mikono haikuwa na kazi nikatoa filta ya oili, nikaikata kwa msumeno, nikaikunjua karatasi yake juu ya gazeti. Hakuna unga unaong'aa, hakuna rangi ya shaba. Kulikuwa na vipande vyekundu, laini, vidogo kama maganda ya maharage. Silikoni. Dogo alipopaka gasketi ya sampu alipaka kama anapiga siagi ya mkate wa Krismasi, na iliyozidi ndani imeng'oka. Hilo nimemkanya kwa ukali, maana kipande kimoja kikikaa kwenye njia ya oili ya kwenda kwenye roka, juu kunakauka. Filta mpya, oili mpya. Nikafunga geji ya oili ya mkono: kilo 4 ikiwa baridi, 2 ikiwa moto sailensi. Chini kuna afya.

Nilimkanya kwa ukali. Naliandika hili kwa sababu ya yaliyotokea kesho yake.

Alhamisi

Nimefika saa 1 asubuhi kabla ya dogo. Sikuwasha kitu. Nilitengua kabini, nikakaa juu ya chesisi na kikombe cha chai, nikaitazama tu injini kwa upande.

Noseli ya tatu imesimama juu kuliko wenzake.

Kidogo sana. Ungekuwa unafanya kazi usingeona, mimi nilipita hapo mara kumi. Nilichukua rula ya chuma, nikailaza juu ya noseli ya kwanza na ya pili: imekaa. Nikailaza ya pili na ya tatu: imeinuka upande mmoja. Ya tatu na ya nne: imeinuka upande wa pili. Ndipo nikakumbuka bomba la tatu na nati yake iliyokataa kushika uzi siku ya Jumamosi. Haikuwa tabia ya mabomba. Bomba lilikuwa linaikuta noseli mahali ambapo haikupaswa kuwa.

Nimeitoa. Nimemulika shimo kwa tochi ya simu, na chini kabisa kuna weusi juu ya weusi, hakuna unachoona. Nimeingiza bisibisi ndefu niliyoipinda ncha, nikakwaruza pole pole pembeni. Ilipogusa, sauti ilikuwa ya chuma laini. Nikakwaruza tena na mstari mwembamba ukang'aa chini kule, mwekundu.

Washa ya zamani ya shaba. Haikutoka siku tulipofungua injini. Ilikuwa imegandia kwenye hedi kwa masizi ya miaka, na sisi tukaweka mpya juu yake.

Kwenda mjini hedi ilikwenda nayo, ikarudi nayo. Adapta ya kompresheni ilikaa juu yake vizuri ikabana, ndiyo maana kilo zilikuwa sawa na wenzake. Noseli nzuri ilihamishiwa pale na bado ikashindwa, kwa kuwa tatizo lilikuwa kiti chake. Injini hii hunyunyiza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, kwenye lile bakuli lililochongwa kichwani, na ncha ya noseli ina mahali pake pa kusimama. Ukiinyanyua, mnyunyizo unagonga pasipostahili, dizeli nyingi inatoka bila kuungua ikiwa moshi mweupe. Isitoshe, washa mbili moja juu ya nyingine, ya chini ngumu na ina masizi, hazizibi sawasawa. Nilipotazama vizuri pembeni ya noseli niliona pameloa lami nyeusi. Nayo ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Niliiona nikadhani ni uchafu.

Kuitoa kulichukua saa nzima. Tulishusha pistoni ya tatu chini, nikaziba tundu dogo la chini kwa kitambaa kilichofungwa uzi ili kisitumbukie, nikapaka grisi kwenye ncha ya chombo ili vipande vikamatwe. Ilipotoka niliipima kwa venia: milimita 2 na ushei. Milimita mbili zimenilia siku tano.

Halafu nikaenda kwenye kopo la washa za zamani, lile ninalotupia shaba ya kuuza. Za Canter hii zilikuwemo tatu.

Noseli nilizitoa mimi. Dogo siku ile alikuwa amekwenda kununua gasketi.

Tumeifunga, washa moja mpya, na bomba la tatu likaingia kwa vidole viwili bila kulazimishwa. Ikashika mara ya pili ya stata. Sitaeleza sana, niliiweka spana namba 14 juu ya chesisi mahali pale pale, nikasubiri dakika tatu. Haikusogea.

Dogo akaruka. Mimi nikainua mkono anyamaze.

Tik tik tik tik.

Ijumaa

Nimerudi kwenye daftari, ukurasa wa Jumatatu. "Tik haibadiliki kwa bomba lolote." Nilikuwa na jibu mkononi nikaliandika kwa kalamu yangu, kisha mstari unaofuata nikalipuuza. Kama tik ingekuwa ya silinda ya 3, au ya noseli yoyote, au ya mlipuko wowote, ingebadilika walau kidogo dizeli inapokatwa. Haikubadilika, basi haihusiani na kulipuka. Ni chuma kinachogonga chuma, kinaendeshwa na kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Magonjwa yalikuwa mawili, mimi nikataka yawe moja kwa kuwa yote niliyasikia siku moja.

Kwanza manifodi, niiondoe kwenye orodha. Moshi unaovuja kwenye gasketi ya manifodi hutoa tik inayofanana sana na ya tapeti, na imewapoteza wengi. Ikiwa baridi, kabla chuma hakijapata moto, tulimwagia maji ya sabuni kwenye maungio, tukawasha. Hakuna povu. Wala hakuna alama ya masizi popote. Sawa.

Kisha kava la tapeti likatolewa, tukawasha ikiwa wazi, sailensi. Oili inaruka kidogo, vaa koti la zamani. Angalau niliona roka zote zimelowa, silikoni haikuziba kitu. Nikachukua fila nyembamba, nikaipenyeza kati ya roka na ncha ya valvu wakati injini inazunguka, mmoja baada ya mwingine, kuanzia mbele. Inataka mkono mwepesi. Fila itakunjwa, usitumie unayoipenda. Ya hewa ya 1, tik ipo. Ya moshi ya 1, ipo. Ya hewa ya 2, ipo. Ya moshi ya 2: kimya. Nikaitoa, tik. Nikairudisha, kimya.

Nikazima. Nikapima: 0.40, kama Jumanne. Fila inateleza vizuri kabisa.

Hapo ndipo nilipotoa shafti ya roka. Geuza ile roka, tazama sehemu inayokanyaga valvu. Inapaswa kuwa na mgongo laini. Hii ina kibonde. Kwa macho ni kama kivuli tu, lakini pitisha ukucha na unazama, unapanda upande wa pili. Valvu kwa miaka imejichimbia kiti chake. Na bapa la fila ni pana kuliko kibonde, kwa hiyo linakaa kwenye kingo mbili kama ubao juu ya shimo la barabarani. Fila inakuambia 0.40, kumbe chini ya ubao kuna shimo, na roka inasafiri umbali wote huo kabla ya kukutana na valvu.

Nilitaka uhakika. Nilichukua fila ya zamani, nikakata mapande mawili kwa mkasi wa bati yakawa membamba ya kuingia ndani ya kibonde, nikarudisha shafti, nikapima. La 0.40 likaingia. Nikaongeza la 0.25 juu yake. Likaingia pia. Nafasi ya kweli ilikuwa 0.65.

Kuna wanaosawazisha roka kwa jiwe la kusagia. Kwa kibonde kidogo sana sikatai, lakini gamba gumu la juu ni jembamba, ukilimaliza unabaki na chuma laini kitakachoisha upesi. Nilikwenda kwa jamaa mwenye injini ya 4D33 iliyopasuka bloku, nikachagua roka kutoka kwake kwa ukucha, ya tatu niliyoigusa ilikuwa safi. Napendelea mtumba wa asili kuliko mpya ya bei rahisi iliyofungwa kwenye boksi zuri. Nyingine saba za kwetu nilizikagua zote kwa ukucha. Ziko sawa.

Ikafungwa, 0.40, ikawashwa. Sasa ninasikia feni, ninasikia dizeli yenyewe inavyogonga kwa kawaida yake, na nyuma ya hayo hakuna kitu.

Jumamosi

Tulipakia mchanga, kama tani mbili, kwa ajili ya ringi. Kutoka Uyole tukapanda barabara ya Tukuyu mpaka Isyonje, gia ya tatu na ya nne, mguu unabonyeza na kuachia, sikuiacha ichoke na sikuiacha ilale. Kule juu ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani na wauza viazi wamejikunyata kwenye mablanketi. Nilisimama, nikatengua kabini, nikanusa, nikapapasa. Oili haivuji isipokuwa jasho kidogo kwenye kona ya kava la tapeti, gasketi yake nitaibadilisha. Moshi hakuna. Kuteremka, breki ya injini inashika vizuri.

Mzee alifika saa 9 alasiri. Nikamweleza yote, na la washa nikamweleza pia, na kwamba siku za ufundi kuanzia Jumamosi ile hadi Alhamisi simdai. Akaitikia kwa kichwa. Nikawasha, nikamwita asogee, nikamwonyesha roka ya zamani na kibonde chake, nikamwambia sasa asikilize, ile tik imekwisha.

"Tik ipi?"

Nikagonga chesisi kwa spana, tik tik tik tik, kwa mwendo ule ule.

"Aaa, hiyo," akasema. "Hiyo mbona ninayo tangu mwaka juzi. Nilijua Canter ndivyo zinavyolia."

Dogo ilibidi aende nyuma ya gari.

Kilomita tangu kufungwa: 62. Oili na filta vibadilishwe zikifika 1,000, na siku hiyo tapeti ziangaliwe ikiwa baridi, ya moshi ya silinda ya 2 kwanza. Gasketi ya kava la tapeti imeagizwa. Washa nne za zamani ziko kwenye kopo. Nimezihesabu mbele ya dogo, naye akazihesabu tena.